Maneno ya Kifaransa Kwenye Maganda ya Kahawa

Enzi zetu, mtoto wa milimani aliyetaka kujifunza kupinduka hakununuliwa godoro. Alingoja msimu wa kahawa. Baba zetu walipokwisha kumenya yale matunda mekundu kwa mashine ya mkono, maganda yalimwagwa nyuma ya nyumba, rundo juu ya rundo, yakakauka juu na kubaki na joto ndani kama mbolea. Sisi tulitandika magunia juu yake, tukarudi nyuma, tukakimbia na kujirusha. Rundo lilikupokea polepole, na harufu kali yenye utamu ikakupanda puani. Jioni tulirudi nyumbani tukinuka kama togwa iliyochacha. Mama hakuhitaji kuuliza tulikuwa wapi. Alisema tu, "Nendeni mkaoge kwanza. Nyumba hii si kilabu cha pombe."

Kijiji chetu kiko upande wa Litembo, mwendo mrefu wa miguu kutoka Mbinga mjini, mahali ambapo asubuhi za Juni ukungu huingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Shuleni tulikwenda peku, kila mmoja na kuni yake ya uji, vidole vikiwa vimekufa kwa baridi. Mwalimu wa zamu alisimama mlangoni na fimbo yake ya mlingoti, yaani mkaratusi, na sisi tulijua kukimbia. Vijana wa leo, ambao bodaboda huwashusha mlangoni pa darasa na bado wanachelewa, nikiwasimulia haya hunitazama kama ninayesoma Agano la Kale.

Bingwa wetu wa kupinduka hakuwa mtoto wa milimani. Alikuwa Eufrasia, sisi tulimwita Frasia, binti wa baba yangu mdogo. Baba mdogo alikuwa mwalimu Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na Frasia alizaliwa na kukulia mchangani kule. Alipokaribia darasa la nne aliletwa kwa Babu na Bibi, huku juu, amsaidie Bibi maji na asome pamoja nasi. Alifika juu ya lori la mahindi, amekumbatia kikapu cha dagaa wakavu, anatetemeka, na neno lake la kwanza alipouona ukungu lilikuwa, "Bibi, moshi wote huu, nani anapika?" Tulimcheka wiki nzima. Kisha tukaacha kumcheka, kwa sababu siku moja, alipotumwa kuita watu waje kula, aliuvuka uwanja wote wa Babu kwa mikono, miguu juu, toka mlango wa jiko hadi kwenye vichanja vya kuanikia kahawa. Tulipomuuliza nani alimfundisha, alijibu kwamba Mbaha saa za mchana mchanga unaunguza, kwa hiyo mtu mwenye akili huipumzisha miguu.

Mwaka uliofuata alikuja Sista Klotilda. Alikuwa Mkongo, mfupi, mwenye mikono minene kama ya mtwangaji, na chini ya kanzu yake ya kitawa alivaa raba. Shirika lake lilimtuma kufundisha shuleni kwetu. Hakuna aliyejua kwamba usichana wake aliutumia kwenye mazoezi ya viungo katika shule ya bweni ya masista, mpaka alipotukuta kwenye maganda. Tulitawanyika tukidhani tutachapwa kiboko. Frasia peke yake hakuweza kukimbia, maana alikuwa hewani.

"Nani alikufundisha ile?" Sista akauliza.

"Hakuna, Sista."

"Basi tangu leo ni miye. Na wale bote wamekimbia, uwaite. Miye siumi."

Hivyo ndivyo Kifaransa kilivyoingia kijijini kwetu, na kilipitia miguuni kabla ya kufika mdomoni. Sista alikuwa na sheria moja, neno bila mwili ni kelele. Hukuruhusiwa kulisema neno mpaka ulitende, wala kulitenda bila kulisema. Naandika hapa kama masikio yetu yalivyopokea. Kubiringika mbele kuliitwa *rulad*. Kupinduka ubavu kama gurudumu la baiskeli ni *ru*. Kuinama kinyumenyume mpaka mikono iguse chini na tumbo lielekee mbinguni ni *pon*, maana yake daraja. Kusimama kwa mikono ni *ekilibri*. Zile hatua za kukimbia kabla ya kuruka ziliitwa *elan*, na kutua, miguu pamoja na magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, ni *resepsion*. Sista aliipenda sana elan. "Elan ni muzuri," alikuwa akisema, "lakini ukichukua elan ndefu sana, miguu inachoka mbele ya kuruka. Ruka wakati nguvu iko bado."

Vifaa tulijitengenezea. Ulihitajika ubao mwembamba wa kutembelea, na sisi mara moja tukafikiria ngoro. Asiyeijua milima yetu aelewe kwamba mashamba yetu ya miteremkoni ni vishimo vilivyopangwa kama sega la nyuki, na kati ya shimo na shimo kuna kingo za udongo uliofunika majani, na juu yake hupandwa mahindi na maharage. Kingo hizo ni nyembamba, zimenyooka. Frasia alizitembea mara moja tu, mikono imepanuliwa, mpaka sauti ya Babu iliposikika kutoka juu ya mlima: "Ngoro si barabara!" Tulipata gogo la mlingoti, tukaliegemeza juu ya mawe mawili, mambo yakaendelea.

Kisha ikaja habari iliyobadili kila kitu. Shirika la Sista lilikuwa na shule ng'ambo, Ubelgiji, yenye ukumbi mzima wa mazoezi ya viungo, na walikuwa tayari kumpokea msichana mmoja kutoka kwetu, asome na afundishwe huko. Sista alimtaka Frasia. Sharti lilikuwa moja. Walimu wa kule hawakujua neno la Kiswahili wala la Kiingereza, na mtoto aliye hewani hana muda wa kutafsiriwa. Kabla ya kuondoka, ilimpasa ayajue maneno yote ya ukumbini.

Frasia alianza kujifunza kama mtu anayekimbizwa. Sista alimpa maneno mapya kila siku, na sisi tulikuwa mtihani wake. Akitwanga mahindi, kila mchi ukishuka alitamka neno. Akienda kisimani, nami nikimfuata na ndoo yangu, nilimpigia kelele, "Pon!" naye alitua ndoo njiani akajipinda daraja, watu wenye mizigo ya kuni wakamzunguka wakinung'unika. Akiwa ananyonyoa kuku, akiwa anapalilia, akiwa anamshika mbuzi akamuliwe, neno likitajwa lazima mwili uitike. Mbuzi ndiye aliyeteseka zaidi.

Jambo moja lilimtesa. Sista alisema msichana akiingia ukumbini, kabla ya yote, huwasalimu waamuzi: husimama wima, mikono juu, kidevu juu, awatazame machoni. Kwetu msichana akimsalimu mtu mzima hupiga goti na kutazama chini. Frasia alilazimika kuzoea, na ili azoee akaanza kuamkia watu kwa namna ile. Asubuhi moja alimtokea Bibi mlangoni, mikono miwili mbinguni, macho makavu usoni pake: "Shikamoo, Bibi!"

Bibi aliangusha ungo. "Mtoto wewe! Shusha makwapa hayo! Unaniamkia au unaniibia?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. Babu yetu, niseme ukweli, alikuwa mtu mkali wa desturi, lakini yale maneno yalimwingia. Alitaka aonyeshwe kila moja, akiwa ameketi kwenye kigoda chake, akitikisa kichwa kama mnunuzi wa kahawa anayekagua punje. Alilolichukua akaliweka mfukoni lilikuwa elan. Tangu siku hiyo, magoti yake yalipokuwa yakimsumbua, kila alipotaka kuinuka kigodani alijisukuma mbele na nyuma kidogo, akasema kwa sauti, "Elan!" kisha akasimama. Na sisi wajukuu tuliitikia kwa pamoja, "Resepsion!"

Wakati ule ukoo wetu bado ulikula pamoja uwanjani kwa Babu, wanaume upande mmoja, wanawake na watoto upande wa pili. Makutano hayo tuliyaita sengu. Ugali ulipokwisha na mikono ikaoshwa, ndipo mambo ya familia yaliposemwa. Jumapili moja baada ya misa Sista Klotilda alikuja sengu, peke yake, na raba zake safi. Baba mdogo alikuwa amekwisha kutuma neno kutoka Mbaha kwamba yeye hana kauli, kauli ni ya mzee. Sista akaeleza kila kitu vizuri, bila kuzunguka. Akaomba apewe Frasia.

Babu alikuna kidevu. "Sista, tumekusikia. Lakini mtoto huyu bado mdogo, na bibi yake hana mwingine wa kumchotea maji. Hapana."

Sista aliinamisha kichwa, akashukuru, akaondoka. Alipopita tu ua, Bibi alipiga kigelegele kidogo, cha mdomo uliofumbwa, na mama yangu akamkumbatia Frasia. "Yule kuku mweupe asiguswe na mtu," Bibi akatangaza. "Ni wa Sista, siku atakaporudi kumchukua mtoto."

Hapa ndipo wasomaji wangu wa rika langu, hasa wa kwetu, watakapotabasamu, na vijana watakapodhani nimekosea kuandika. Sijakosea. Kwetu binti hatolewi kwa kuombwa mara moja. Mshenga akija mara ya kwanza hukataliwa, na hukataliwa kwa sababu ya uongo iliyo wazi, kama ile ya maji, ili ajue kwamba si yeye anayekataliwa. Akija mara ya pili hukataliwa tena, kwa sauti laini zaidi. Akija mara ya tatu hupewa kigoda, huchinjiwa kuku, na mambo hukamilika. Baba anayekubali mara ya kwanza amewaambia watu wote kwamba alikwisha mchoka mtoto wake. Babu aliona mtu anayetaka kumvusha mjukuu wake bahari anaomba kitu kikubwa kuliko kijana wa ng'ambo ya kijito anayetaka mke. Kwa hiyo alimpa Frasia heshima yote. Alimkataa Sista kwa moyo mweupe.

Mara ya pili Sista alikuja baada ya majuma machache, na uso wake ulikuwa umechoka. Babu akamuuliza, "Huko mbali akiugua, nani atamkanda?" Mtu wa kwetu akisikia swali kama hilo anajua mlango umeachwa wazi. Sista alijibu kwamba masista watamtunza kama mtoto wao.

"Hata hivyo," Babu akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kama pamba, "hapana."

"Sawa, Mzee. Miye sitaki kukunyang'anya mutoto."

"Umesema vizuri sana," Babu akamjibu, akafurahi kweli kuona mgeni mwenye adabu namna ile. Kisha akafanya jambo ambalo lingemtosha mshenga yeyote wa milima hii yetu ya Umatengo. Aliinuka mwenyewe kigodani, akasema elan yake kwa sauti ya chini, akamsindikiza Sista mpaka nje ya ua. Mtu hasindikizwi na mzee wa nyumba ikiwa jibu ni hapana. Watoto wote tulijua. Mbwa, nadhani, naye alijua.

Kesho yake Bibi alijaza kikapu maharage na ndizi, akatutuma mimi na Frasia tumpelekee Sista. Zawadi baada ya kukataliwa ni kumwambia mtu kwamba njia haijaota majani. Sista alikipokea mlangoni, akatazama ndani, na macho yake yakajaa machozi. "Mwambie Bibi, ninaelewa. Miye sina kinyongo." Siku mbili tatu baadaye akakirudisha kikapu kikiwa na sukari na vipande vya sabuni, na Bibi alikizungusha mbele ya wakwe zake wote kama padre anavyozungusha monstransi ya Ekaristi. "Mnaona? Kimerudi kimejaa. Anakuja."

Nimewahi kukaa na mambo haya nikiwa mtu mzima, nikamuuliza mama, nikamuuliza katekista wetu kabla hajafa, nikamuuliza Frasia. Wote walinieleza vilevile. Hakuna aliyedhamiria baya. Kila upande ulikuwa unasoma alama za mwenzake kwa macho ya nyumbani kwake. Sista aliingia utawani akiwa msichana mdogo. Maisha yake yote swali liliulizwa mara moja na jibu likatolewa mara moja, na mkubwa wa nyumba akisema hapana, mtu mtiifu anapiga magoti kanisani na kuliacha jambo mikononi mwa Mungu. Hata kuja mara ya pili tu kulikuwa kumemgharimu. Kuja mara ya tatu kungekuwa kumtukana mzee.

Na nani angemwambia? Frasia alikuwa naye kwenye maganda kila alasiri. Lakini binti anayemnong'oneza mshenga "rudi tena" ni binti aliyejipeleka mwenyewe, na neno hilo litamfuata hadi wajukuu. Mama zetu walimheshimu Sista mno kumfundisha. Katekista alisema alifikiri Sista anajua fika. "Kwani Wakongo hawaoi?" aliniuliza, mikono ameitupa hewani, miaka mingi baadaye, bado anashangaa.

Basi tukangoja. Mama alifuma sweta zito la rangi ya kahawia, lenye mikono mirefu kupita kiasi, kwa sababu mtoto atakua akiwa huko. Baba mdogo alipanda kutoka Mbaha na samaki aina ya mbasa waliokaushwa kwa ajili ya karamu, akalala kwa Babu, akangoja, shule ikafunguliwa, akarudi. Kuku mweupe akanenepa. Frasia aliendelea kujifunza. Sista naye, na jambo hili ndilo linaloniuma hadi leo, aliendelea kumfundisha, kwa mapenzi tu, akiamini kwamba mtoto aliyekoseshwa safari asinyimwe maneno pia. Sisi tulipomwona bado anafundisha tulisema, kumbe maandalizi yanaendelea.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Ilikuwa alasiri ya jua jembamba, kahawa ikiwa imetoa maua meupe na mlima mzima ukinukia. Frasia alikwisha kulijua hata jina la ule unga mweupe wanaojipaka viganjani kule ukumbini. Aliuliza jambo dogo tu, kama huko Ubelgiji magogo yao ni marefu kuliko letu.

"Yule wa Songea atatuambia," Sista akasema. "Atatuandikia."

"Wa Songea yupi, Sista?"

Sista akamtazama, akaona kwamba mtoto hajui. Akamshika mabega. Akamweleza polepole kwamba nafasi isingengoja, kwamba msichana wa shule moja ya upande wa Songea ndiye aliyepewa, kwamba wiki ile alikuwa amepanda basi kwenda Dar es Salaam, na ndege ilikuwa imekwisha ondoka. "Babu yako alikataa, mutoto wangu. Alikataa mara mbili."

Sisi wengine tulikuwa tumekaa juu ya gogo. Nilimwona Frasia anarudi nyuma mpaka mwisho wa uwanja. Nilidhani anakimbilia nyumbani. Akageuka. Akanyoosha mikono juu, akainua kidevu, akamtazama Sista machoni kwa namna ambayo hajawahi kuiweza vizuri kabla ya siku ile. Akakimbia, akajirusha, akapinduka ubavu, akapinduka kinyumenyume, akatua, na miguu yake haikusogea hata kidogo juu ya magunia. Hakusema neno lolote. Ilikuwa mara ya kwanza kuvunja sheria ya Sista, na Sista hakumkemea.

Habari zilipofika, Bibi alikaa chini jikoni, palepale penye majivu. Babu alivaa koti lake la kanisani, akachukua bakora, akatoka. Kwetu mzee hamfuati mtu aliyekuja kumwomba. Sikuwahi kumwona akifanya hivyo kabla, wala baada. Waliyoongea nyumbani kwa masista niliyapata kwa katekista, aliyekutwa pale akisubiri hostia za misa za vigangoni.

"Sista, mbona hukurudi?"

"Mzee, ulinikatalia mara mbili."

"Mara mbili ndiyo heshima yake! Ulitaka nimtupe mtoto kama tunguja njiani? Kuku tumemfunga. Sweta limeshonwa vifungo."

Sista alijifunika mdomo kwa mikono miwili. Katekista alisema walisimama hivyo, mzee na bakora yake, mtawa na mikono yake mdomoni, na hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake, na hilo lilikuwa gumu kuliko ugomvi. Hatimaye Sista alisema ataandika barua, ataomba nafasi nyingine. Aliandika. Haikuja nafasi nyingine. Baadaye akahamishwa.

Jioni ile tulikula sengu. Mikono ilipooshwa, Babu alimwita Frasia akae mkekani karibu naye, jambo ambalo halikuwa kawaida kwa msichana. Akasema, si kwake hasa, kwa wote, "Tulichukua elan ndefu mno." Ndipo akashika bakora akainuka. Tulingoja alitaje lile neno lake, tupate kuitikia. Hakulitaja. Tangu siku hiyo hadi tulipomzika, Babu aliinuka kigodani kimyakimya, kama wazee wengine wote.

Kuku mweupe hakuna aliyethubutu kumchinja. Alizeeka pale uwanjani, akaacha hata kutaga, mwishowe kicheche akamaliza kesi. Sweta nililivaa mimi sekondari, na mikono yake ilinifika mpaka kwenye kucha.

Frasia alimaliza darasa la saba, akarudi Mbaha, akaolewa huko. Mwaka jana nilishuka kumtembelea. Ni Bibi Frasia sasa, ana wajukuu, ana shamba la muhogo na vichanja vya dagaa. Tulikaa karibu na vichanja, akiwageuza dagaa kwa viganja, na ufukweni mbele yetu wajukuu wake na wenzao walikuwa wanapinduka. Lakini vijana wa leo hawapinduki hivihivi. Kwanza simu ilitafutiwa jiwe la kuegemea. Kisha wakabishana nani amesimama penye mwanga. Kisha mmoja akachana nywele, anakwenda kupinduka mchangani huyo! Sisi tulipinduka mpaka jua likazama na hakuna aliyetuona isipokuwa mbuzi. Wao walipinduka mara moja, wakakimbilia simu kutazama kama kweli wamepinduka.

Kijana mmoja alitua vibaya, magoti yamenyooka kama miti. Frasia hakunyanyua hata macho kwenye dagaa. "Resepsion!" akafoka. "Kunja magoti!"

"Bibi ameanza lugha yake ya milimani," kijana akawaambia wenzake, wakacheka.

Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza tukiwa wadogo. Je, alimsamehe Babu?

Alifikiri. "Mshenga wa mume wangu alirudi mara nne, dada, ya mwisho kwenye mvua, viatu ameshika mkononi. Nilimchungulia dirishani nikalia. Mama alidhani nalia kwa furaha ya kuolewa." Akapangusa magamba viganjani. "Babu nilimsamehe zamani. Hakuna aliyewahi kuniona wa thamani kama yule mzee aliyeninyima. Ila kila msimu wa kahawa, upepo ukileta ile harufu kutoka juu, maneno yote hurudi, toka la kwanza hadi la mwisho. Sina pa kuyapeleka."

Nami nikamweleza yangu. Binti yangu wa mwisho anacheza mpira wa pete. Mwalimu mmoja aliniita kwa simu, akitaka kumchukua akakae kwenye kambi ya vijana, mkoa mwingine kabisa. Hata hajamaliza sentensi nikasema ndiyo, mchukue, ataondoka lini? "Mama," mwalimu akaniuliza, "hutaki hata kumshauri baba yake kwanza?" Binti alikuwa anasikiliza. Baada ya kukata simu aliniuliza, kwa mzaha, lakini si mzaha wote, kama nilikuwa nimechoka kukaa naye.

Hivyo ndivyo tulivyo sasa. Enzi zile mtoto alijua anapendwa kwa kuhesabu mara alizokataliwa, na safari yake ikapotea. Siku hizi tunasema ndiyo kabla ya swali, safari zote zinapatikana, na mtoto anabaki na swali lake mkononi. Sijui namna ya kumpa vyote viwili. Babu hakujua. Frasia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Mpigie mwanao. Mwambie ulitaka kukataa."

Baadaye wale vijana walimwita kwa utani, wamtege kwenye simu yao. "Bibi, njoo na wewe uruke!" Nilidhani atawafukuza. Alifunga kanga vizuri kiunoni, akateremka mchangani, akarudi nyuma mpaka mbali. Akainua mikono juu, viwiko vimenyooka, kidevu juu, akalitazama ziwa usoni. Vijana wakaacha kucheka. Alisimama vile kitambo kirefu, mguu mmoja mbele, kama anayesubiri mtu afike.

"Bibi, ruka basi!"

Akashusha mikono polepole. "Nguvu imeisha kwenye elan, wanangu," akasema, akarudi kuwageuza dagaa.